Koti la Studio

Katika daftari langu la utafiti kuna ukurasa ambao nimeukunja pembe ili nisiweze kuupita bila kuuona. Hapo nimeandika, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Ameonyeshwa picha. Amemtambua mumewe mara moja." Maneno mawili ya mwisho si ya kweli. Niliyaandika nikiamini kuwa ni ya kweli, jambo linalonitisha zaidi kuliko kama ningedanganya kwa makusudi.

Ninasomea shahada ya uzamili. Tasnifu yangu inahusu picha zilizopigwa katika studio ndogo za mji wa Kisumu, enzi ambazo mtu wa kando ya ziwa alivaa vizuri, akasafiri hadi mjini, akaketi mbele ya pazia lililochorwa milima, akarudi siku nyingine kuchukua picha yake ikiwa imesafishwa. Mwenye studio mmoja alikwisha kufariki, na binti yake alinikabidhi masanduku matatu ya filamu zilizofungwa kwa karatasi za magazeti. Filamu hizo hazina majina. Kila moja ina namba iliyokwaruzwa pembeni kwa sindano, na kitabu cha namba hizo kilipotea zamani. Kazi niliyojipa ilikuwa kuwarudishia watu hao majina yao. Niliziweka picha kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, nikasubiri mtu aseme "huyo ni mjomba wetu," kisha nikamtembelea na kinasa sauti.

Ndiyo kazi iliyonipeleka Asembo Bay, kando ya ziwa, kwa mwanamke mzee niliyemwita Dani, kama tunavyowaita bibi zetu. Tulizungumza Dholuo, maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili. Mumewe, aliyekuwa mvuvi, alifariki kwa homa wakati mtoto wao wa pekee hajaanza kutambaa. Katika maisha yake alipigwa picha moja tu, mjini Kisumu, na picha hiyo ililiwa na mchwa ndani ya sanduku la mbao pamoja na vyeti vya ubatizo. Dani alikumbuka koti lenye mfuko wa kifuani ulioshonwa kwa uzi mweupe. Alikumbuka saa ya mkononi, na redio juu ya meza ndogo.

Nilikuwa na picha hiyo. Niliikumbuka kabla hajamaliza kueleza. Kijana mrefu, koti lenye uzi mweupe, saa, redio. Wiki iliyofuata niliikuza, nikaitia katika fremu, nikamwekea Dani magotini. Akasema ndiye.

Mwanawe alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidogo na hakuijua sura ya baba yake. Siku hiyohiyo aliiweka picha hiyo kwenye simu yake, mahali ambapo watu huweka sura zao wenyewe. Baada ya miezi minne alinipigia kunialika. Alikuwa analijenga upya kaburi la baba yake kwa vigae, na sura hiyo ingechomwa kwenye kauri yenye umbo la yai na kubandikwa juu yake. Ibada ingekuwa Jumamosi. Niliifurahia habari hiyo kiasi cha kuiandika kwenye ukurasa wangu, nikaiweka tena picha, na chini yake nikaandika kwamba marehemu mvuvi wa Asembo Bay hatimaye amepata sura.

Jumanne, mwanamke anayeuza nyanya katika soko la Kondele, mjini Kisumu, aliniandikia ujumbe mfupi kwenye ukurasa huo. Ulisema: "Njoo sokoni. Kuna mtu hapa anataka kujua alikufa lini."

Nilimkuta mzee mmoja mrefu, mwembamba, amesimama nyuma ya magunia ya viazi. Alitoka mkoa wa kati akiwa kijana, akaja Kisumu kufanya biashara, akabaki. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo. Miaka ilikuwa imemkausha, lakini taya ni lile, na namna ya kuinamisha kichwa upande wa kulia ni ileile.

"Ndio wewe daktari wa picha?" akaniuliza.

"Mimi ni mwanafunzi tu, Mzee."

"Mwanafunzi ndiye ameniua? Afadhali ningeuliwa na daktari kamili."

Muuza nyanya alicheka hadi akashika meza yake. "Mimi nilimwonyesha hiyo simu nikamwambia, Mzee, keti chini kwanza. Maiti haisimami sokoni."

"Na wamenifanya mvuvi," mzee akaendelea, akimgeukia kana kwamba mimi sipo. "Mimi, mtu wa milimani. Kuogelea sijui. Hata omena, hao dagaa wenu, nilichukua miaka kuzoea."

Nikamuuliza kuhusu koti. Nililiuliza swali hilo kwa sauti ya utulivu, kwa sababu tayari nilikuwa nimeanza kuelewa, na mtu anayeanguka hujaribu kwanza kusimama wima.

"Koti la studio hilo," akasema. "Lilikuwa linatundikwa kwa msumari karibu na mlango. Ukifika unavua shati lako lenye jasho, unapewa koti. Saa pia ni ya studio, na haikuwa inatembea. Redio ilikuwa sanduku tu, ndani hamna kitu. Koti lilikuwa pana mno kwangu, kwa hiyo huku nyuma mpiga picha alinibana na vibanio vya nguo, vinne. Ukiniona kwa mbele, mimi ni bwana. Ukiniona kwa nyuma, mimi ni kamba ya kuanikia."

"Wangapi walilivaa?"

"Daktari, uliza nani hakulivaa."

Kutoka katika Biblia aliyoihifadhi chini ya meza alitoa picha yenyewe, ndogo, yenye kingo zilizochongoka kama meno. Alikuwa amempelekea mama yake, na mama alipofariki picha ikamrudia. Nyuma kulikuwa na mwandiko wa penseli: Mama, usiwe na wasiwasi. Niko mzima.

Nilimweleza habari za Dani, na kauri, na Jumamosi. Aliacha kucheka. Alijipangusa vumbi la viazi mikononi polepole, kidole kimoja kimoja.

"Kuwekwa kwa kaburi si kitu, mimi nitafika huko tu," akasema. "Lakini huyo mama anajua anamsalimia nani?" Kisha akaniwekea picha kiganjani. "Usimpelekee maneno matupu. Mpelekee hii aone. Na uirudishe."

Nilirudi kwenye chumba changu katika mtaa wa Manyatta, nikafunga mlango na kusikiliza sauti niliyoinasa Asembo Bay siku ile. Nilikuwa nimeinakili mara mbili kwa ajili ya tasnifu, nilidhani naijua. Sauti yangu inauliza: "Je, Dani, huyu ndiye?" Kisha kimya. Kuku anatetea karibu na mlango. Mtu anapita nje, anasalimia, anajibiwa na mtu mwingine. Kimya tena. Kisha sauti yangu, laini, ya mtu anayemshika mgonjwa mkono kumshusha ngazi: "Koti ni lile ulilosema, Dani. Na saa ni ileile." Kimya. Ndipo yeye anasema: "Ee. Ndiye."

Nilipima kwa saa. Kutoka swali langu hadi jibu lake ni sekunde arobaini na moja. Katika nakala niliyoandika, sekunde hizo hazikuwepo. Nilikuwa nimeziruka mara zote mbili, kama mtu anavyoruka dimbwi njiani bila kukumbuka baadaye kwamba kulikuwa na maji.

Nilifundishwa jinsi inavyopaswa kufanywa. Unaweka picha tano au sita mezani, unanyamaza, unamwacha mtu achague au asichague. Mimi nilileta moja, tena kubwa, tena ndani ya fremu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nimejaribu majibu kadhaa yenye heshima, kama vile uchovu na haraka na udogo wa nyumba. Jibu lililobaki baada ya hayo ni kwamba nilitaka awe ndiye. Nilitaka kuwa mtu aliyemletea mjane sura ya mumewe, na nilitaka jambo hilo liwe ukurasa katika sura ya nne ya tasnifu yangu.

Nilimwandikia msimamizi wangu. Ni mtu mpole anayeogopa kuchelewa kuliko anavyoogopa kukosea. Alijibu kwamba niondoe picha mtandaoni, niweke tanbihi, na niendelee. Kisha nikampigia mwana wa Dani. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Dada," akasema mwishowe, "watu wamealikwa. Padri amethibitisha. Kauri iko tayari, ninayo hapa kwenye gari. Wewe mwenyewe ulisema mama alimtambua."

"Nilimsaidia kumtambua."

"Basi endelea kumsaidia. Nyamaza."

Sitaficha kwamba nililipima shauri lake. Nililipima usiku na mchana, pande zote. Mjane alikuwa na amani. Mwana alikuwa na baba. Mwenye picha mwenyewe hakukasirika, na mtu angepita mbele ya kaburi hilo miaka mia moja bila kugundua chochote. Upande wa pili wa mizani kulikuwa na jambo moja tu, nalo ni kwamba mwanamume mmoja aliyewahi kuishi angezikwa mara ya pili, safari hii chini ya uso wa mwingine, na hakuna ambaye angemtafuta tena. Mtu akishapewa sura, utafutaji huisha. Mimi ndiye niliyekuwa nimeuziba mlango huo, na hakuna mwingine aliyejua kwamba umezibwa. Nilijua nitakwenda. Nilichoendelea kukifikiria ni sentensi ya kwanza tu.

Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa Asembo Bay. Fundi alikuwa akikoroga saruji mbele ya nyumba. Kaburi lilikuwa limevikwa vigae vya buluu, na upande wa kichwani fundi alikuwa ameacha nafasi yenye umbo la yai, tayari kupokea kauri. Mwana alikuwa amesimama kando yake. Aliponiona hakunisalimia, alitikisa kichwa kidogo, kwa namna ya kukataza. Nilimpita nikaingia ndani.

Picha ilikuwa ukutani, ikiuelekea mlango, imefunikwa kwa juu kwa kitambaa kilichofumwa.

"Nyathina, mwanangu," Dani akasema, "umewatangulia wageni. Umekuja kupika?"

"Nimekuja kukiri kosa, Dani. Mtu aliye ukutani si mzee wako. Nilikosea mimi. Huyo ni mtu wa Kondele. Yu hai."

Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu kuhusu koti, na filamu, na namna ya kuuliza. Niliyaacha. Dani aliitazama picha, na mimi nikahesabu, kwa sababu siwezi kuacha kuhesabu.

"Anafanya kazi gani?" akauliza.

"Anauza viazi."

"Ana mke?"

"Anaye, Dani. Na wajukuu."

"Basi nimekuwa nikimwamkia mume wa mtu kila asubuhi." Alivuta kanga yake mabegani. "Nimemweleza habari za mgongo wangu. Nimemweleza kwamba huyu," akamwonyesha kwa kidevu mwanawe, aliyekuwa amesimama mlangoni, "haendi kanisani mpaka kuwe na harusi."

Mwana alitazama chini. "Mama, huyu dada amechanganyikiwa na masomo," akasema. "Watu wanafanana."

Nikampa Dani picha ndogo ya muuza viazi. Hasomi, kwa hiyo alimpa mwanawe aisome nyuma. Alisoma maneno ya penseli mara ya kwanza kwa sauti, na mara ya pili kimya, midomo ikitembea. Kisha akatoa simu yake, akazilinganisha picha hizo mbili, mkunjo wa koti kwa mkunjo wa koti. Aliketi kwenye kiti kilicho karibu naye.

"Kwa hiyo sina," akasema.

Sura ya baba ndiyo niliyokuwa nimekuja kumnyang'anya, na sasa imenyang'anywa.

"Nilijua hujui," Dani akaniambia baadaye kidogo. "Siku ile nilikutazama wewe kuliko nilivyoitazama picha. Ulikuwa umeishika kama mtoto aliyeteka maji mbali, anaogopa yasimwagike. Nikasema moyoni, nitayamwagaje? Na macho yangu hayana nguvu, na miaka ni mingi. Nikasema, labda."

"Hukusema labda, Dani."

"Nilinyamaza. Kwani wewe ukinyamaza huwa unasema nini?"

Alielekeza kidole ukutani.

"Wewe ndiye uliyempandisha. Mshushe."

Nilipanda kigoda, nikaondoa kitambaa, nikaishusha fremu na kuiegemeza ukutani, uso ukiangalia ndani. Msumari ulibaki. Halafu nilifanya lile ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza: nilifungua ukurasa mtupu wa daftari, nikakiweka kinasa sauti juu ya meza, nikasema, "Niambie alivyokuwa. Mimi sitasema neno."

Dani alitoka hadi jikoni, akarudi na kipande cha mkaa, akasimama kwenye mlango wa nyumba. Alijipima kwanza, mkono juu ya kichwa chake mwenyewe, akafikiri, akaushusha chini ya usawa huo. Akachora mstari kwenye mwimo.

"Alikuwa anafika hapa," akasema. "Mimi nilikuwa mrefu kuliko yeye. Watu walinicheka nilipoolewa. Na wewe ukaniletea mlingoti."

Fundi, aliyekuwa amekuja kuuliza kuhusu saruji, alicheka, kisha akajizuia. Dani hakumjali. Alikuwa anaendelea, na sasa maneno yalikuja kwa kufuatana. Koti lilimmeza. Lilimfika karibu magotini, kama kanzu ya padri. Mikono yake ya koti ilifunika vidole, na kwa kuwa alitaka saa ionekane, alikunja mkono wa kushoto mara mbili, nje nje, bitana ikaonekana. "Saa yenyewe si yake, na anajivunia. Nilipoiona picha nilimwambia, umepiga picha ya saa, wewe uko wapi?"

"Mbona hukuniambia haya, Dani?" Nilikuwa nimevunja ahadi yangu ya kunyamaza.

"Uliniuliza alivaa nini. Hukuniuliza lilimkaaje."

Mwana aliinuka. Alikwenda mlangoni, akageuka, akauegemeza mgongo wake kwenye mwimo, visigino vikigusa ukuta, kama mtoto anayepimwa. Mstari wa mkaa ulimfika chini ya sikio.

"Kumbe nimempita," akasema.

"Ulimpita ukiwa darasa la nane," mama yake akamjibu. "Sikukwambia. Ungejivuna."

Alibaki pale kwa muda, mgongo kwenye ubao. Nilitoa futi ya kamba mkobani mwangu, nikaomba ruhusa, nikapima kutoka sakafuni hadi kwenye mkaa, mara tatu, nikaandika. Hakunitazama, lakini alinishikia mwisho wa chini wa futi usiteleze.

Fundi aliuliza kama aizibe ile nafasi ya kaburini, maana saruji ilikuwa inaanza kukauka. Mwana alimtazama mama yake. Mama akanitazama mimi.

"Zimebaki picha ngapi ambazo hujazitazama?" akaniuliza.

"Sanduku moja na nusu, Dani."

"Usizibe," akamwambia fundi. "Weka kigae kinachoweza kutoka."

Sikuahidi kwamba yumo. Nilitaka kuahidi, na maneno yalifika hadi kwenye meno. Nilisema tu kwamba nitazitazama zote.

Ibada ilifanyika Jumamosi kama ilivyopangwa. Mwana alisimama mbele ya watu akaeleza kwamba picha iliyosambazwa haikuwa ya baba yake, na kwamba baba yake alikuwa mtu mfupi. Alilisema hilo la pili kwa fahari ambayo sikuitarajia. Jumatatu nilikwenda Kondele kurudisha picha.

"Nimefufuka?" muuza viazi akaniuliza.

"Umefufuka, Mzee."

"Na huyo mama, amesema nini?"

"Amesema umsamehe kwa habari za mgongo wake."

Alifikiri kidogo, akanifungashia viazi katika mfuko, akaniambia nimtumie mama huyo atakapokwenda mtu upande ule, na nimwambie ni kutoka kwa mtu wa ukutani.

Katika daftari langu nimekata "mara moja" kwa mstari mmoja, ili maneno yenyewe yaendelee kusomeka, na juu yake nimeandika sekunde arobaini na moja. Chini nimeandika kilichosemwa katika sekunde hizo, yaani yale niliyosema mimi. Ukurasa huo utakuwa katika tasnifu kama ulivyo, na msimamizi wangu ameshaambiwa.

Meza yangu nimeisogeza dirishani, ambako mwanga ni mzuri kuanzia asubuhi. Ninaitoa filamu moja katika gazeti lake, naishika kingoni, naielekeza kwenye kioo. Nyeupe huwa nyeusi na nyeusi huwa nyeupe, na uso wa mtu katika hali hiyo haukuambii mengi, kwa hiyo siutazami. Ninatazama koti. Lilikuwa moja, halikuwahi kubadilika, na kila aliyelivaa aliacha kipimo chake ndani yake: mahali mkono wa koti unapoishia, mahali pindo linapoangukia. Kwa wengi mkono huo unaishia kwenye kifundo cha mkono. Kwa muuza viazi ulikuwa umepanda juu ya kifundo. Leo nimepitia filamu thelathini na mbili. Katika nne, mkono wa koti unafunika vidole, na hizo nimezitenga, bila kuzisafisha bado, bila kumpigia mtu yeyote. Ninatafuta mkono wa kushoto uliokunjwa mara mbili, bitana nje. Nikiupata, nitauweka katikati ya picha nyingine tano, nitamwekea Dani mezani, na nitanyamaza.